Posa ya Mjane wa Mlango

Fidda binti Awwad, Mwenyezi Mungu amrehemu na kumpanulia kaburi lake, alikaa mjane wa wizara kwa muda mrefu kuliko alivyokaa mke wa mume wake wa kwanza. Kazi hiyo hakuiomba. Iliingia nyumbani kwake siku moja ya jua baada ya theluji, imevaa viatu vya mjini na kushika kinasa sauti, ikakaribishwa chai, ikaketi, na haikuondoka tena.

Theluji ya mwaka ule ilifunga barabara ya kijiji cha Ain Shih, juu ya mji wa Tafila, na ilimkuta Fidda ametoka eda juzi tu, ana watoto watatu, na mafuta ya taa yamekwisha. Akaung'oa mlango wa zizi, ambao kusema kweli ulikuwa umeoza na ulikuwa ukisubiri tu mtu wa kuukatia tamaa, akaupasua na kuutia motoni. Zizi likabaki wazi, kwa hiyo akawaingiza mbuzi jikoni. Hapo ndipo nyumba ilipopata joto. Mlango uliteketea mara moja, lakini mbuzi waliendelea kutoa joto mpaka barabara ilipofunguliwa, pamoja na mambo mengine wanayotoa mbuzi.

Hayo ndiyo aliyomsimulia binti wa chuo kutoka Amman, jina lake Lamis, aliyekuwa akizunguka vijijini kukusanya visa vya watu. Lamis alilia aliposikia habari ya mlango. Habari ya mbuzi hakuiandika.

"Mbona mbuzi wangu hawamo?" Fidda aliuliza aliposomewa.

"Mama Nayif, msikilizaji akiwaona mbuzi jikoni atacheka. Mtu akicheka haidhinishi kitu."

Kisa kikasomwa mbele ya kamati huko Amman. Inasemekana mkubwa mmoja alitoa kitambaa akafuta macho, na mwingine, kwa kuona mwenzake amefuta, naye akatoa chake. Majira ya baridi yaliyofuata, vijiji vyote vya milimani vikaanza kuletewa mafuta ya taa bure, nyumba zenye wajane na zisizo na wajane. Lamis naye akapata udaktari wa elimu kwa kueleza jinsi kisa cha mwanamke mmoja kilivyogeuza sera ya nchi. Kisha akafungua kituo ambacho vijana walikwenda kujifunza jinsi kilivyoigeuza. Walichora maduara mengi na mishale. Fidda alikuwa duara la katikati. Jina lake halikuandikwa popote, kwa kulinda faragha yake. Vitabuni aliitwa Mjane wa Mlango, na mawaziri watatu waliopita walimjua kwa jina hilo na hawakumjua kwa jingine.

Tangu hapo, kila mwaka kabla ya bajeti, ujumbe wa wizara ulipanda Ain Shih kusikiliza. Daktari Lamis alisema sera ni kama mmea, bila kisa hukauka. Kijiji hakikuelewa sana mambo ya mimea ya aina hiyo, lakini kilielewa vizuri habari ya kukosa mafuta, kwa hiyo kikajipanga. Nayif, mwana mkubwa wa Fidda, aliyekuwa askari Aqaba, alimnunulia mama yake jiko la gesi, kisha makochi, kisha friji. Siku ya ujumbe vyote vilihamishiwa kwa jirani, Hadba, ambaye naye alikuwa mjane ila hakuwahi kuhojiwa.

"Leo nakalia makochi ya wenyewe," Hadba alisema kila mwaka akijitupa juu yake. "Mimi mume wangu alikufa, nikakaa na baridi, nikakohoa mpaka mbavu zikahama. Lakini nani ananijali? Sikuchoma mlango."

"Ungechoma."

"Mlango wangu ulikuwa mzuri, shoga. Ndiyo bahati mbaya yangu."

Wanafunzi waliokuja na ujumbe walitaka kuuona mlango. Waliambiwa umeungua, ndiyo maana ya kisa chenyewe, basi wakapiga picha mahali ulipokuwa. Mufleh, kaka yake Fidda na mkuu wa kijiji, alipotia mlango wa chuma pale zizini, aliombwa kwa adabu auondoe siku za ujumbe. Akawa anauondoa na kuurudisha.

Fidda alikuwa mcha Mungu na jambo hili lilimkaa rohoni. Akaenda kwa imamu, Sheikh Dhiyab, akamuuliza kama kusimulia nusu ya jambo ni uongo. Sheikh alifikiri kwa muda mrefu. Msikiti nao ulikuwa ukipata mapipa yake ya mafuta.

"Hukusema hapakuwa na mbuzi," alisema mwishowe. "Umenyamaza tu. Na mbuzi hawajalalamika."

Fidda alicheka, lakini kila ujumbe ulipoondoka aliswali rakaa mbili akaomba msamaha, asije akaulizwa huko mbele.

Suwaylim alikuwa dereva wa lori la maji, aliyefiwa na mke, mtu mwenye mabega mapana na maneno machache. Alijaza matangi ya kijiji kizima, na la Fidda akaliacha la mwisho, apate kunywa chai bila haraka. Siku moja aliweka gilasi chini.

"Mama Nayif, nimechoka kunywa chai yako nimesimama."

"Keti basi. Nani kakuzuia?"

"Nataka nikikaa nisiondoke."

Fidda alishughulika na birika ambalo halikuwa na shida yoyote. Hakuwa msichana, lakini moyo haukuulizwa umri, nao ukaruka.

"Umekiuliza kijiji?" alisema.

"Nacho nikioe?"

Kijiji kilijibu bila kuulizwa. Hadba alifika kabla lori halijafika bondeni.

"Umri wako huo, shoga, unatafuta nini tena? Meno yenyewe umenunuliwa na mwanao."

"Ya kununua nayo yanacheka."

"Cheka tu. Lakini ukiolewa huwi mjane tena. Utakuwa mke wa mtu mwenye lori. Niambie huko Amman nani atamlilia mke wa mtu mwenye lori?" Hadba akakohoa, na safari hii hakukohoa kwa makusudi. "Na mtoto wa jirani Hilala ana kifua, unajua. Mafuta yakikatwa, tutamtia nani jikoni? Mbuzi?"

Hilo la mtoto ndilo lililomshinda. Mufleh alipokuja na kusema wangoje kidogo bajeti ipite, Fidda alikubali. Bajeti ikapita. Lakini bajeti ina tabia mbaya ya kurudi kila mwaka. Suwaylim aliposa tena, akaambiwa angoje tena. Akangoja, akijaza maji na kunywa chai amesimama, mpaka ikatimia miaka sita. Ndipo akamwambia Fidda kwamba atapeleka wazee kwa mara ya mwisho. Wakirudi na kahawa yao haikunywewa, atauza lori ahamie kwa binti yake Zarqa.

Usiku ule Fidda alimpigia Nayif simu, akiwa na haya kuliko alivyokuwa siku alipoolewa mara ya kwanza.

"Mama," Nayif akasema, "mimi mwanao nimeridhia. Hao wengine wana nini?"

"Wana baridi, mwanangu."

Hata hivyo alituma neno kwa Suwaylim: walete wazee. Hakuahidi zaidi ya hapo, kwa sababu jawabu lilikuwa la Mufleh. Wazee wa posa wanapoingia hupewa kahawa, nao huweka vikombe mbele yao bila kuonja mpaka mwenye nyumba aseme, "Kunyweni kahawa yenu." Akisema hivyo, binti ametolewa. Asiposema, kahawa hupoa, na wote huondoka na fedheha zao.

Mufleh hakuwa mtu mbaya. Alimpenda dada yake, na alikipenda kijiji, na alipenda kukalia kiti cha mkuu wa kijiji karibu na jiko linalowaka. Kukataa waziwazi aliona aibu. Kwa hiyo akapanga posa ifanyike siku ileile ya ujumbe wa wizara. Wazee watakapokuwa wameketi tu, magari ya serikali yatafika, yeye atasimama na kusema, jamani wageni wa serikali, tuahirishe, na kahawa itapoa bila mtu kulaumiwa. Aliona ni mpango mzuri. Usingekuwa na kasoro kama ujumbe ungeongozwa na mtu mwingine.

Mwaka ule ujumbe ulikuja na naibu katibu wa wizara, Bwana Atallah, mtu mnene mwenye sauti ya kupendeza. Alikuwa na mapenzi makubwa ya kuongoza posa. Wakubwa wengi wa Amman wako hivyo. Wakisikia posa hawaulizi ni ya nani. Bwana Atallah alikuwa ameposea watu nusu ya nchi, na hotuba yake aliijua kama anavyojua Fatiha.

Magari yalipofika, Mufleh alisimama kama alivyopanga. Lakini huwezi kumwacha mgeni wa namna hiyo mlangoni, na huwezi kumweka chumba kingine ukumbi ukiwa umejaa wazee. Bwana Atallah akaingizwa, akaketishwa mahali pa heshima ukumbini, akapewa kahawa. Akatazama huku na huku akaona vikombe vimejaa na hakuna mtu anayekunywa. Uso wake ukang'aa.

"Mna posa hapa?"

"Ndiyo, mheshimiwa," akasema mzee Dughaym, aliyekuwa amewaongoza watu wa Suwaylim. Kwa heshima ya mgeni mkubwa kuliko yeye, akamwachia neno, kama desturi inavyotaka. "Sisi ni watu wadogo mbele yako. Tusemee wewe."

"Bwana harusi ni nani?"

"Suwaylim huyu."

"Na binti?"

"Dada yake mwenye nyumba."

Haikutosha hata kidogo, lakini kwa Bwana Atallah ilitosha kabisa.

Chumba cha wanawake kilikuwa nyuma ya ukuta, na Fidda alikuwa ameketi karibu na mlango, amevaa gauni lake la zamani la siku za ujumbe, lenye kiraka begani kilichoshonwa juu ya kitambaa kizima. Mkono wa kushoto alikuwa na tasbihi. Aliyasikia magari, akasema moyoni, basi, imekwisha. Daktari Lamis, ambaye sasa alikuwa na mvi na miwani mizuri, aliingia akambusu, akaanza kutengeneza kinasa sauti. Wakati huohuo sauti ya kupendeza ikapenya ukutani.

"Tumekuja kwenu, watu wa nyumba ya Awwad, nyumba ya heshima na ukarimu, kuwaomba binti yenu, ua la bustani hii, lulu iliyohifadhiwa..."

"Ua lenyewe lina kisukari," Hadba akanong'ona.

 Tasbihi ilikuwa imesimama.

"Mheshimiwa," ilisikika sauti ya Mufleh, imekonda, "labda kwanza tumalize ile shughuli ya wizara."

"Ndugu yangu, shughuli ya wizara ipo kila mwaka. Furaha haiahirishwi. Kikombe changu ni hiki hapa, nami sikigusi mpaka unijibu."

 Wazee walimtazama Mufleh, na Mufleh alimtazama mtu ambaye wizara yake ndiyo iliyokuwa ikileta mafuta. Ampe dada yake, mafuta yakatwe? Amnyime naibu katibu mbele ya watu, mafuta yakatwe vilevile, na aibu juu yake? Alilitafuta jawabu la tatu kwenye dari akalikosa.

"Kunyweni kahawa yenu," alisema. "Mmepewa."

Fatiha ikasomwa ukumbini. Wasichana, waliokuwa hawajali bajeti, wakapiga vigelegele. Daktari Lamis akainua kichwa kutoka kwenye vifungo vyake.

"Wanamwoza nani?"

"Mimi, mwanangu," Fidda akasema.

"Wewe? Lakini wewe ni mjane."

"Nilikuwa. Mpaka mkubwa wako alipofungua mdomo."

Daktari Lamis alitoka nje mbio, na baada ya kitambo Bwana Atallah akaitwa barazani. Fidda aliwaona kwa dirisha la jikoni. Alimwona Lamis akizungumza kwa mikono yote miwili. Akamwona yule mkubwa akigeuka taratibu kuelekea nyumbani, kisha zizini ambako hapakuwa na mlango, kisha nyumbani tena.

"Yaani nimeioza sera yangu mwenyewe?" alisema.

Mufleh akaitwa. Haiwezekani arusi ingoje mpaka bajeti isomwe?

"Ungesema kabla hujanywa, mheshimiwa," Mufleh akajibu, na wale waliokuwa karibu wanasema hakuonekana kusikitika sana. "Kikombe chako ni kitupu."

Basi Bwana Atallah akafanya lililobaki, akaketi kula mansaf, wali na nyama ya karamu, na akala vizuri, maana ugumu wa sera haujawahi kuziba koo la mtu. Baada ya chakula Daktari Lamis alirudi kwa Fidda na kinasa sauti. Alisema wangeweza kumweka kama mjane kitaaluma tu, kwa mwaka mmoja. Fidda alimtazama kwa huruma. Alimpenda yule binti, alimwona akikua.

"Kitaaluma andika upendavyo," alisema. "Lakini mimi leo nitasimulia yote, na halafu sisimulii tena."

Akasimulia: theluji, watoto, mlango uliooza. Daktari Lamis alikizima kinasa sauti mbuzi walipoanza kuingia jikoni. Fidda hakukatiza. Aliendelea kuwasimulia wanafunzi jinsi beberu alivyolala juu ya mto wa Nayif, nao wakacheka mpaka machozi, jambo ambalo kwa mujibu wa masomo yao halikuwa na faida yoyote kwa nchi.

Aliolewa siku ya Ijumaa, bila shamrashamra. Makochi yalirudi kutoka kwa Hadba na hayakwenda tena. Lakini Hadba hakuja kumpongeza, na wengine wakapunguza salamu. Kadiri miti ya mlozi ilivyopukutika, macho yalizidi kumtazama. Mama wa mtoto mwenye kifua alipita bila kugeuka. Fidda aliswali, akarudi kitandani, akakaa macho pembeni ya mume wake mpya, akijiuliza kama furaha yake imemvua mtoto wa watu blanketi.

"Wakikata, nitauza lori nikinunulie kijiji mafuta," Suwaylim alisema gizani.

"Na maji watakunywa nini?"

"Hilo sijalifikiria."

Baridi ikaingia, na wiki ileile ya kila mwaka, gari la mafuta likapanda mlima likinguruma na kupiga honi. Watu walitoka na madebe, wengine hawaamini. Hadba alikuwa wa kwanza. Suwaylim alimjua dereva, kama wanavyojuana wote wenye magari makubwa, akamvuta pembeni. Fidda alisimama nyuma yake, ameshika shela yake kooni.

"Tulidhani mwaka huu hamji," Suwaylim akasema. "Kwa habari ya yule mjane."

"Mjane gani?"

"Mjane wa Mlango."

Dereva alimwita mwenzake aliyekuwa akifungua mpira. Mwenzake naye hakumjua. "Sisi huko ghalani tunapewa karatasi ya mwaka jana, wanabadilisha tarehe," dereva akasema. "Ndivyo nilivyoikuta kazi hii. Kwani huyo mjane ana deni?"

Fidda aliketi juu ya ukingo wa ukuta. Watu walipita na madebe yao wakimsalimu kama zamani, mmoja mmoja, kana kwamba salamu nazo zilikuwa zimefungiwa ghalani. Suwaylim akaketi karibu naye.

"Kwa hiyo ile miaka sita," alisema Fidda.

"Usihesabu."

"Sihesabu. Naangalia ndevu zako tu. Nilipokuona mara ya kwanza zilikuwa nyeusi."

Hakulia mbele ya watu. Alikwenda kupika. Baadaye zilifika habari kwamba Daktari Lamis ameandika kitabu kipya, kinachoeleza kwamba kisa cha Mjane wa Mlango kimezama ndani ya sera kiasi kwamba hakihitaji tena msimulizi, na kwamba kitabu hicho kimemfikisha nchi za mbali. Fidda alifurahi kwa ajili yake. Alimwombea dua.

Mwenyezi Mungu aliwapa yeye na Suwaylim miaka tisa. Walikuwa watu wa kugombana kwa sauti ndogo juu ya chumvi, na jioni walikaa nje wamejifunika blanketi moja, hata siku ambazo hapakuwa na baridi. Fidda alifariki mwezi wa Shaabani uliopita, baada ya swala ya asubuhi, shahada ikiwa mdomoni. Hadba, amezeeka na bado anakohoa, ndiye aliyemwosha, na hakuruhusu mwingine ashike maji.

Siku ya pili ya matanga Daktari Lamis alipanda Ain Shih peke yake, bila wanafunzi. Alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Kisha akaja kwa Suwaylim katika hema la matanga la wanaume, akaketi mbele yake, na kwa mazoea ya maisha yake yote akatoa kile kinasa sauti.

"Baba, nisimulie habari zake. Zile za miaka ya mwisho. Hakuna anayezijua."

Suwaylim alikitazama kile chombo, akamtazama binti wa watu aliyetoka mbali. Hakutaka kumuudhi mgeni.

"Zilikuwa njema," alisema. "Sasa inuka, mwanangu, nenda kwa wanawake ukale. Umesafiri."